Msumeno wa Kuvuta

Mjapani aliyekuwa akifundisha useremala chuoni mjini alipomaliza muda wake, alipita kwetu Issuna kumuaga baba. Akamwachia msumeno wa kwao. Baba, fundi wa milango na vitanda, aliugeuzageuza, bati lake jembamba kama jani la muhindi, kisha akampa mdogo wangu. Mimi mtoto wa kwanza nilikuwa nimesimama hapohapo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi huyu aliniachia ugonjwa.

Niliona wivu, tena wivu mbaya. Hata ugali wa mtama wa mchana ule niliuacha sahanini. Kazi zangu zote baba alizikagua, akasema "haya," akaendelea na zake. Nilikuwa nangoja neno lingine.

Mdogo wangu hakupenda benchi. Alikaa chini juu ya gunia, akabana mbao kwa nyayo, kama wachonga vigoda wa zamani. Nilimcheka sana: "Wewe fundi au mfinyanzi?" Kumbe na yule mgeni alifanya kazi ameketi vilevile. Dogo aliuvuta msumeno mara moja tu, ukazama ndani ya mbao ngumu ya mninga bila kelele.

"Lete," nikamwambia. Nikasimama kwenye benchi, nikasukuma kama nilivyofundishwa. Bati likajikunja, likalia. Baba akageuka kutazama.

"Vuta, kaka," dogo akasema kwa upole. "Huo unakata ukirudi kwako."

Upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Afadhali angenicheka.

Haukupita muda, kigango, kanisa letu dogo la kijijini, kikaagiza meza ya altare. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo nikajua kazi ni yangu. Kwetu kazi ya kanisa hushikwa na mkubwa. Nikanoa randa yangu asubuhi, nikapanga mbao.

Baba akaja na kigoda chake, akaketi. "Mdogo wako atakata," akasema. "Wewe mshikie."

Nilipiga magoti kwenye vumbi la mbao, nikashika. Dogo akavuta, akavuta, akachomeka mguu wa meza mahali pake. Haukuhitaji gundi wala msumari. Baba akainama, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo akitafuta ufa, hakuupata.

"Sasa nimepata fundi," akasema.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, nimeishika mbao isitikisike.