Njiwa Hawali Minyoo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika kiwandani. Wote walimwita Bi Maganda, kwani kila asubuhi alipita mlango wa nyuma wa kantini, akapokea kwa dada yake mpishi ndoo ya maganda ya mayai, akayatwanga na kuyamwaga kando ya ua wa miti. Walinzi walimtania: "Leo ndege wako wanakula kwa kijiko au kwa mkono?" Naye aliwajibu, "Wanakula kwa adabu kuliko wengine ninaowajua."

Alikuwa mtunza bustani wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, yale madini mazito yenye sumu. Miaka kumi na tisa ya jembe ilimfundisha tabia za ndege. Njiwa walishinda kwenye ghala la nafaka ng'ambo ya barabara, wanene, hawana habari. Wale wadogo wa kifua cha kahawia, waliofuata jembe lake wakidonoa minyoo, ndio walioteketea: mabawa yamelegea, miguu haishiki tawi, mayai yanapasuka chini ya mama yao.

Mtafiti wa ndege, binti mmoja aliyefika na nyavu na vichupa vyake vya damu, ndiye aliyemfafanulia. "Mama, moshi unashuka na risasi mpaka udongoni. Mnyoo anaimeza, ndege anammeza mnyoo. Tena konokono wameisha hapa, kwa hiyo ndege hawapati chokaa ya magamba yao. Mwili wenye njaa ya chokaa huipokea risasi ukidhani ndiyo chokaa yenyewe."

Bi Maganda hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kesho yake alianza kuomba maganda ya mayai, ambayo nayo ni chokaa. Msimu uliofuata, vifaranga watatu waliruka kutoka kwenye ua ule wa miti. Aliweka jembe chini, akakaa kuwatazama mpaka msimamizi akamwita.

Halafu kiwanda kikatoa kijitabu. Kwenye jalada walikuwa vifaranga wale wale watatu, na chini yao maneno: "Ndege wanastawi kwetu." Ndani iliandikwa kwamba ndege arobaini wamepimwa damu na wote ni wazima. Wote arobaini walikuwa njiwa.

"Wamepima njiwa," alimwambia dada yake.

"Kwani njiwa si ndege?"

"Ni ndege anayekula ng'ambo ya barabara. Mtu ampime jirani, kisha aje kuniambia mimi sina homa?"

Kilichomkereketa zaidi ni kwamba jasho lake mwenyewe limegeuzwa pazia la kufichia uchafu wa watu. Aliwaza kuacha kutwanga maganda, ili uongo ule uumbuke. Lakini ndege hawakuandika kijitabu. Kwa nini wao ndio wafe? Akaendelea kutwanga, kwa nguvu kuliko zamani.

Meneja alipowaita wakazi wa jirani kantini kuwasomea habari hizo njema, Bi Maganda alisimama na mabuti yake ya matope.

"Vifaranga hao wapo kwa maganda niliyotwanga mimi. Kiwanda kimewapa moshi tu."

"Bi Maganda," meneja alisema kwa upole wa kulazimisha, "haya ni mambo ya kitaalamu."

"Basi mtaalamu aniambie kwa nini hakumgusa hata ndege mmoja anayekula minyoo. Na watoto wetu wanaotambaa kwenye vumbi hili, mtawapima wao, au mtatafuta wa ng'ambo ya barabara?"

Mtafiti akainuka nyuma, akasoma vipimo vya ndege wanaokula minyoo: risasi katika damu yao ilizidi ya njiwa mara tisa. Meneja akakunja karatasi zake.

Wiki haikuisha, Bi Maganda akaambiwa kiwanda kinapunguza watu. Aliyepunguzwa alikuwa yeye peke yake. Hata hivyo wakazi walishaamka, wakang'ang'ana mpaka watoto wakapimwa zahanati. Wengi wao walikutwa na risasi mwilini. Tanuri moja la kiwanda lilizimwa. La pili linatoa moshi mpaka leo.

Siku ya majibu, muuguzi aliwashauri akina mama wawape watoto maziwa na chakula cha kushiba, kwani mtoto mwenye lishe duni huathirika zaidi.

"Tutawalisha," Bi Maganda alisema, mjukuu wake akiwa mapajani. "Lakini andika na hili, mwanangu: moshi huu haukutoka jikoni kwetu."

Muuguzi akaandika.