Haulizwi Uji, Lakini Kisu Aulizwe

Nakumbuka siku moja ya ukungu mzito, hapa hapa Mhezi, kaka yangu Eliakimu aliponiita nje ya jiko, akavuta kope zake kwa vidole na kuniuliza, "Naomi, hebu tazama. Macho yana rangi gani?" Yalikuwa ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nikamwambia labda ni moshi wa kuni. Nilijua si moshi, na yeye alijua kwamba ninajua.

Mwanangu, nimeanza na macho ya kaka kwa sababu wiki hii umeyatazama yangu ukageuza uso upesi. Usidhani sikukuona. Njano haijawahi kumziba mtu macho. Keshokutwa tunashuka Same kwa daktari, na huenda akanipeleka mbele zaidi, kwa wale wanaopasua maini na nyongo na kongosho. Basi kaa. Hiyo simu ifunike hapo mezani, haitakimbia.

Eliakimu hakuwa na maumivu, na hilo ndilo lililotudanganya. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyochemka asubuhi nzima, choo kimepauka kama majivu, na ngozi ilimwasha hata akawa anajikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu inatoka. Lakini hakuumwa popote, akaendelea kulima. Watu wakamletea mizizi ya kuchemsha, kila mmoja na mzizi wake, naye akanywa yote kwa adabu. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tulificha mpaka suruali ikawa inamvuka.

Tulipompeleka hospitali kubwa tulikuwa wawili, mimi binti mbichi na baba mdogo Zakaria, ambaye ndiye aliyebaki kuwa sauti ya ukoo wetu baada ya baba kufa. Daktari akatuita ukumbini, mgonjwa akiwa amelala wodini. Alikuwa mtu mpole, akaeleza polepole. Ini hutengeneza nyongo, akasema, nayo hushuka kwa mfereji mwembamba hadi kwenye utumbo, ikipita kwenye kichwa cha kongosho. Hapo kuna kitu kimeota, kinaubana mfereji.

Baba mdogo alikuwa msimamizi wa ndiva yetu, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, kwa hiyo alielewa kabla daktari hajamaliza. "Mdomo wa ndiva ukizibwa, maji hurudi nyuma," akasema.

"Hasa," daktari akajibu. "Sasa nisikilize, mzee. Tutafungua tumbo. Kama uvimbe haujasambaa tutajaribu kuuondoa, na hiyo ni operesheni kubwa, mtu anaweza asitoke nayo. Tukikuta umefika kwenye ini, hatutauondoa. Tutaitengenezea nyongo njia ya pembeni, tufunge. Macho yatarudi meupe, lakini ugonjwa utabaki ndani. Ni lazima mwenyewe ayajue haya kabla hajaweka sahihi."

Baba mdogo akavua kofia. "Dokta, huyu ni mtu wa mlimani. Kiswahili hakimkai sawasawa. Niachie mimi nimweleze kwa Kipare."

Nilishangaa mpaka mdomo ukabaki wazi. Eliakimu alikuwa akiuza maharage kila siku ya soko pale Same, na kwa Kiswahili chake wachuuzi wa Tanga walikuwa wanapandisha bei wenyewe ili awaache wapumue.

Tukaenda kitandani wote watatu. Baba mdogo akainama, akamshika kaka bega, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya upendo kweli kweli: ni jiwe dogo tu la nyongo, watalitoa, utarudi uwahi palizi. Daktari akauliza, "Ameelewa?" Eliakimu akatabasamu, akaitikia mwenyewe, "Nimeelewa, dokta." Akaweka sahihi.

Ukumbini nilimshika baba mdogo mkono. Nikamwambia, "Shikamoo, baba mdogo, lakini si hivyo daktari alivyosema." Hakuitikia hata marahaba. Alisema tu, "Mgonjwa haulizwi uji, Naomi," akaenda zake. Mimi nilikuwa msichana, na kauli ya mkubwa wakati ule ilikuwa mlango uliofungwa.

Wakamfungua, wakakuta ini limekwisha kuota vijivimbe. Wakafanya ile njia ya pembeni, wakafunga.

Sasa ngoja nikwambie jambo la kutisha, mwanangu, na si kifo. Kaka alipona. Yaani, macho yalitakata, mwasho ukaisha, akaanza kula makande na kuomba aongezwe. Jumapili moja alikwenda kanisani na jogoo wa shukrani, akasimama mbele akasema Mungu amemtoa jiwe tumboni. Tuliimba. Nusu ya walioimba walikuwa wanajua, maana siri ya ukoo haina kifuniko, humkwepa mwenyewe tu. Mkewe alikwishatangulia kaburini, kwa hiyo hakukuwa hata na mtu wa kumnong'oneza kitandani.

Kisha akaleta miche ya kahawa. Unajua kahawa inavyomsubirisha mtu miaka kabla haijampa punje. Baragumu la msaragambo, ile kazi ya kusaidiana ya kijiji kizima, likapigwa, tukatoka wote na majembe kumchimbia mashimo mtelemkoni, naye akipita na kijiti kupima nafasi, akitutania kwamba tunachimba kama watu waliolala njaa. Baba mdogo alichimba siku ile bila kuinua kichwa. Mimi nilibeba samadi na kulia, nikisingizia vumbi.

Kaka alikuwa na mtoto mmoja tu, Namsifu, aliyeolewa na mfugaji kijijini Kisiwani, kule chini tambarare, bila ridhaa ya baba yake. Hawakuwa wakisemeshana. Siku ile ya miche aliniambia, "Kahawa ikishika, nitashuka Kisiwani nikampe mwanangu baraka. Nimeshaacha hasira. Ila hakuna haraka." Hakuna haraka! Maneno hayo yananikata maini mpaka leo.

Mvua za vuli hazikuisha kabla mgongo haujaanza kumuuma na nyama kumwondoka. Akamwita baba mdogo. Nilikuwepo, nimeshika bakuli. Akamuuliza, "Lile jiwe lilitoka?" Baba mdogo akageukia mlango. "Kama lilitoka, nionyesheni." Mzee akaanza kulia, na huyo ni mtu aliyezika baba na kaka bila kutoa chozi.

Eliakimu hakupaza sauti. "Mlinichimbia mashimo ya kahawa," alisema, "na langu mnalijua. Uji sikuuliziwa, sawa. Lakini kisu kiliingia kwenye tumbo la nani? Ningekwenda Kisiwani, baba mdogo. Siku ile ile niliyotoka hospitali, ningekwenda Kisiwani."

Tukatuma mtu. Namsifu alipanda mlima na mtoto mgongoni, akafika fundi anapigilia jeneza misumari. Baraka ya mzazi haitumwi kwa mjumbe, nawe unajua kwetu jambo hilo lina uzito gani. Ameishi na pengo hilo maisha yake yote. Na baba mdogo alimpenda Eliakimu kuliko wanawe wa kuzaa; usije ukadhani ni ubaya. Huruma ndiyo iliyomdhulumu kaka, na hilo linanikasirisha kuliko uchawi.

Matangani watu walisema ni kisu, eti tumbo liliingia hewa ugonjwa ukasambaa. Uongo. Ulikuwa umesambaa kabla daktari hajanawa mikono. Ukimsikia mtu anayasema hayo mbele ya mgonjwa, mnyamazishe, maana kuna waliozikwa kwa kuogopa hewa.

Tena si kila njano ni jeneza. Jirani yetu mama Eliwaza alikuwa na mawe ya kweli kwenye mfuko wa nyongo, wakautoa wote kwa vitundu vidogo tumboni, na leo anapanda kilima hiki akinipita. Mtu anaweza kuishi bila ule mfuko. Hata ini likikatwa kipande, likiwa zima, hujijazia. Kongosho ndilo gumu. Ukikatwa unaweza kubaki na sukari na dawa za kusaidia chakula, nayo hayo mtu ayajue mapema, asiyakute njiani.

Kwa hiyo keshokutwa nitauliza mwenyewe, na nikisahau unikumbushe. Nitauliza ni jiwe au ni uvimbe. Nitauliza wanakusudia kuutoa, au kufungua njia tu, na wakifungua wakakuta hautoki watafanyaje. Nitauliza kama hapo wanaufanya upasuaji huo mara kwa mara, maana kazi hiyo haitaki mkono wa kubahatisha, na kama si hapo, ni wapi. Nitawaambia mizizi yote niliyokunywa, na vile vidonge vya presha, hata kama muuguzi atacheka. Wakisema usile, sitakula, nawe usinipenyezee uji kwa huruma. Na nikirudi nyumbani, homa ikinipanda au macho yakianza tena, hatutasubiri Jumapili ipite.

Jambo moja limebaki, nalo ni lako. Jana ulikuwa unaongea na daktari kwenye simu, nyuma ya banda la ng'ombe. Ulimwambia, "Dokta, uongee na mimi kwanza. Mama Kiswahili hakijui vizuri."

Mimi, mwanangu? Mimi niliyekushika mkono ukasoma herufi ya kwanza kwenye Biblia ya Kiswahili? Ningekuchapa kama mkono ungekuwa na nguvu. Lakini nilisikia sauti yako ilivyotetemeka, nikajua ni huruma ile ile, imerudi nyumbani kwetu imezeeka lakini haijafa.

Usinitafsirie. Kaa kando yangu, unishike mkono, uniache nisikie kwa masikio yangu. Nikiambiwa ni jiwe, tutacheka njiani. Nikiambiwa ni lile la kaka, sitapanda kahawa. Nitaita watu ninaowadai msamaha na wanaonidai, kisha nitapumzika.

Na kwa kuwa sijui nitaambiwa nini, sisubiri. Piga magoti hapa, ulete kichwa chako mikononi mwangu, mikono ingali na joto. Mungu akutunze, wewe na watakaotoka kwako. Akupe shamba lenye maji na usingizi usio na deni. Akupe ulimi usiomficha mtu siku zake. Nimekubariki, mwanangu, na umesikia mwenyewe, kwa Kiswahili.