Mnara wa Ijumaa Kwenye Kompyuta

Nilipomaliza chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipata kazi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, karibu na Darajani. Nilikaa mbele ya programu ya kompyuta iliyorekodi umeme wa kila chumba, saa kwa saa. Mstari ukipanda, niulize kwa nini. Walimu wangu wote nilikuwa nimewachosha kwa maswali. Sasa nalipwa kwa hayo hayo.

Kila Ijumaa asubuhi mstari wa hoteli nzima ulisimama kama mnara wa msikiti. Wageni wako Bwejuu kuogelea, viyoyozi vimezimwa. Meneja akautazama.

"Kuna mtu anatuchezea. Mtafute. Jumamosi simtaki hapa."

Ijumaa iliyofuata nilifungua mstari wa chumba kimoja kimoja, programu ikanielekeza chumba cha kufulia. Nikamkuta mama mtu mzima, dobi wetu, kashika pasi, na kanzu nyeupe zimetundikwa ukuta hadi ukuta.

"Shikamoo, bibi. Hizi za wageni?"

"Marahaba. Wataliano wanavaa kanzu? Za mtaa hizi."

"Kwani majumbani hawana pasi?"

"Wanazo za makaa. Kanzu inarudi na madoa, watu wanakwenda Ijumaa kama wametoka kuchoma mahindi."

Nikamwambia kompyuta imemwona.

"Chuo kikuu umekwenda ukajue pasi inakula umeme?"

Nikamweleza alilosema meneja. Hapo akaisimamisha pasi, akakaa juu ya kapu la mashuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika chumba kile.

"Basi mwambie," akasema. "Lakini mpelekee na kanzu yake, ile ya mwisho. Mkewe hataki shingo ikakamae. Na yako nshaimaliza, ichukue."

Yangu? Niliiangalia shingoni: uzi wa buluu, alama ya mama yangu. Kila Ijumaa niliikuta kitandani nyumbani, imenyooka kama karatasi. Mimi niliyehoji mpaka ratiba ya mabasi, hilo sikuwahi kuliuliza.

Nikapanda ngazi na kanzu mbili mkononi. Meneja akapokea yake, akaigeuza, akautazama mstari, akaitazama tena kanzu.

"Kaipiga pasi nani?"

"Yule unayemtafuta."

Akaitundika kanzu nyuma ya mlango.

"Programu hii inazimika?"

"Inazimika."

"Basi Ijumaa asubuhi izime. Nayo ipumzike."

Nilikuwa na maswali matatu. Kanzu ilikuwa bado ya moto mkononi. Nikaenda kuizima programu.