Mpishi Aliyezifungia Sahani Stoo

Saa tatu asubuhi, Mbuke Jilala anachagua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akitupa iliyotobolewa na wadudu. Jua la Kahama limeshaanza kuuma, na watoto mia mbili na kumi watataka chakula saa saba kamili.

Mbuke, mwenye miaka 43, ni mpishi wa shule ya msingi ya kijijini. Mwaka jana, 1976, jiko lake nusura lifungwe. Kila mchana chakula kilibaki, ilhali nusu ya watoto walikuja shuleni bila kutia kitu mdomoni. Kamati ya shule ikampa mwezi mmoja: chakula kiliwe, la sivyo kipelekwe shule nyingine.

"Nikaambiwa sijui kupika," anasema, na hasira bado haijamtoka. "Mimi! Nimelea watoto saba!"

Mwalimu mkuu, Akida Sabiti, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyekuwa ameleta sahani mpya, kila mtoto na yake, kwa ajili ya usafi. Nia njema kabisa. Ila hakuna aliyemnong'oneza kwamba katika kaya za hapa watoto hula bakuli moja, na anayepakuliwa peke yake ni mgonjwa au ana makosa. Watoto wakajiona wameadhibiwa shule nzima. Wakasusa.

Mbuke alipong'amua hilo hakuomba ruhusa. Alizifungia sahani stoo, akapakua kwenye masinia, watoto wanane kwa sinia, wakubwa wakiwanawisha wadogo. Siku ya nne masufuria yalikuwa meupe.

"Nilitoka ofisini nikamfokee," anakiri Mwalimu Akida, akicheka. "Nikawakuta wanakula. Nikanawa, nikaketi nao."

Kamati ikaliacha jiko. Lakini Ijumaa hii anakuja mkaguzi wa usafi, naye asipoona sahani anaweza kulifunga. Asubuhi hii Mwalimu amekuja jikoni kumbembeleza Mbuke, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Limi, zitoe kwa siku moja tu."

"Yaya, Mwalimu! Hapana. Siku hiyo moja watalala njaa."

Mwalimu akiondoka, Mbuke anaongeza maji sufuriani. Mpango wake ameshaupanga.

"Mkaguzi nitamwamkia vizuri, kisha nitatoa sahani moja, ya kwake. Nitampakulia akae peke yake, watoto wote wakimtazama. Akiweza kuimaliza, na wanangu nitawapa."