Rangi ya Maksai wa Baba

Nilimchukia yule Mwingereza tangu aliposhuka kwenye Landrova pale Kakuma akasema "Ejok!", salamu yetu, kwa sauti ya mtu anayesubiri makofi. Akapigiwa. Kwao London alikuwa waziri mkubwa, lakini kazi ya serikali aliianzia kwetu Lodwar, DO kijana wa enzi ya ukoloni. Sasa, miaka ya sabini, alikuja kuutembelea ujana wake, na mimi, karani wa ofisi ya DC, nikapewa kazi ya kumtafsiria.

Nilijua atakachosema. Kila alipopanda cheo alikisimulia magazetini: eti mzee mmoja wa Kakuma alimpenda mno hata akampa maksai wake wa pekee. Mzee huyo ni baba yangu, na hakumpa kitu. Askari wa DO huyo walimswaga maksai yule wakati baba yuko selo Lodwar, kwa kosa la kulisha mahali palipokatazwa. Lakini habari ya gazeti ilifika Kakuma, na wazee wakaiamini. Wakasema baba alimhonga mzungu ili mimi nisomeshwe. Tangu hapo hawakumkaribisha kula nyama pamoja nao.

Waziri akasimulia, wazee wote wamekaa mbele yake. DC alikuwa ananikodolea macho, na mimi kazi yangu niliipenda. Nikatafsiri kila kitu, hata ile habari ya zawadi.

Baba akasimama, kigoda mkononi. Akasema Kiswahili, mgeni amsikie mwenyewe.

"Hiyo maksai mimi nilipea wewe, ilikuwa rangi gani?"

Kwetu mwanamume huimba rangi ya maksai wake na kuitwa kwa rangi hiyo. Baba alikuwa bado anaitwa hivyo. Anayepewa maksai wa namna hiyo haisahau rangi yake mpaka anazikwa.

Waziri akacheka. "Nyekundu, nafikiri. Au nyeusi? Zamani sana, mzee."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao, ambaye hakuwa amemsalimia baba tangu nikiwa shuleni, akasogea karibu naye akampa tumbaku. Machozi yalinilenga kwa furaha. Mshenzi yule, na vyeo vyake vyote!

Walipoondoka nilimfuata baba nyumbani, meno yote nje. Alikuwa anatafuna tumbaku yake, hakuinua macho.

"Yeye hakujua rangi," akasema. "Wewe ulijua."