Ukurasa wa 114 Alioupitisha Mwenyewe

Saa mbili asubuhi. Msahihishaji anafuta miwani kwa ncha ya shati, anaweka rula chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, kisha anaanza kusoma kwenda juu. Neno kwa neno, kutoka nukta hadi mwanzo wa sentensi. Midomo inacheza, sauti haitoki.

Wenzake katika kiwanda hiki cha uchapaji wanamwita Kinyumenyume, wala haoni ubaya.

"Ukisoma kutoka mwanzo, hadithi inakubeba," anasema. "Ikishakubeba, makosa yanakupita hivihivi unayatazama. Mimi silipwi kulia. Nalipwa kuona herufi iliyoruka."

Amesoma hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, kurasa arobaini kwa siku, na miwani hii ni ya tano. Vitabu zaidi ya mia sita vimepita mezani kwake. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, hupenda kusema kwamba ameolewa na mtu aliyesoma kuliko wote mtaani na asiyejua chochote.

Mwaka jana kililetwa kitabu cha simulizi za watu waliotenganishwa nchi ilipogawanywa, miaka arobaini na sita iliyopita, mto ukafanywa mpaka. Simulizi sitini, nusu yake za ng'ambo. Hakuna jina hata moja. Wasimulizi waliogopa, na waliowahoji walichoma orodha ya majina.

Alikimaliza kwa siku nane. Kwenye ukurasa wa 114 alitia alama mbili tu: koma moja iliyokosekana na nafasi moja iliyozidi. Akasaini.

Zikachapwa nakala elfu mbili. Kama desturi yake, akabeba moja nyumbani. Jumapili mchana, yeye amejinyoosha mkekani kupumzisha macho, mkewe akawa anamsomea kwa sauti, kuanzia mwanzo kama watu wengine.

"Kwanza alicheka," mumewe anakumbuka. "Akasema, 'Baba Watoto, kumbe hukuwa peke yako, huyu naye na viatu vyake!' Nikamwambia, hebu soma."

Msimulizi, mwanamke, alieleza jinsi walivyoamshwa gizani wakimbie kuvuka mto. Yeye na mdogo wake walikuwa na viatu vya shule vya aina moja. Katika kupapasa, mdogo akavaa vyote viwili vya kushoto, yeye akabaki na vya kulia. Wakatoka mguu niponye. Majini mtoto akateleza. Mama alikataa kuvuka bila yeye. Walitafuta ukingoni siku tatu, na siku ya nne mpaka ukafungwa.

"Mdogo wangu alikufa maji," simulizi inamalizia. "Mama naye alikufa akimwita."

Mtoto huyo wa miaka tisa ndiye huyu anayefuta miwani. Mchoma mkaa alimwopoa mbali, kule mto unakoteremkia, upande huu, akamlea kama mwanawe. Kisa cha viatu alimsimulia mkewe zamani, lakini hakuwahi kujua kama kuna wa kwao aliyebaki hai.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," anasema. "Miaka yote napitia vilio vya watu natafuta koma. Kilipokuja changu, nacho nikakitafutia koma. Nilisaini, ndugu yangu. Nilisaini kwamba nimekufa."

Kesho yake alimwendea mhariri, binti anayelingana na mwanawe wa kwanza.

"Mwanangu, ukurasa wa 114 una kosa."

"Kosa gani tena, mzee wangu? Si uliupitisha?"

"Huyo mtoto hakufa. Ni mimi."

Mhariri anakiri alilia. Hata hivyo alikataa kuifuta ile sentensi, hata katika toleo la pili. Maneno ya msimulizi hayaguswi bila idhini yake.

"Dada yake amemlilia miaka arobaini na sita," anasema. "Nikifuta, nitakuwa nimemwambia hakulia."

Idhini haina pa kuombwa. Barua tatu ambazo msahihishaji alizituma kijijini kwao zilirudi na muhuri wa mpakani, hazijafunguliwa. Lakini vitabu huvuka. Vinafichwa ndani ya magunia ya nafaka, na inasemekana huko vinasomwa mpaka vinachanika. Kwa hiyo mhariri amemruhusu kuongeza mstari mmoja chini ya ukurasa, usiozidi maneno kumi.

Kinachomtia hofu ni muda. Dada ana miaka hamsini na saba, na katika simulizi anasema kifua kinamsumbua.

Mtu huyu aliyenyoosha sentensi za watu maisha yake yote ameandika mstari huo mara kumi na moja na kuuchana. Hatimaye mkewe akachoka. "Mwandikie kama unavyoongea naye usingizini," alimwambia. "Mimi nakusikia kila siku."

Toleo la pili linaingia mtamboni wiki ijayo. Anafungua droo, anatoa kiatu kidogo cheusi kilichokakamaa, cha mguu wa kushoto, anakiweka juu ya meza. Kando yake anatandaza kikaratasi.

"Dada, mto ulichukua kiatu kimoja tu. Kingine ninacho."

Anaweka rula, safari hii juu, na kuusoma kuanzia neno la kwanza. Hatii alama yoyote.