Chumvi ya Mbugani

Nilipoanza kazi ya lishe, nilikabidhiwa kichupa cha dawa ya kupimia chumvi. Unadondosha tone: ikigeuka zambarau, ina madini joto, isipogeuka, haina. Mjamzito akiyakosa, mtoto anaweza kudumaa akili tangu tumboni. Hayo niliyakariri na nikayaamini.

Mnadani Mlali nilimkuta bibi anauza chumvi ya kukwangua mbugani. Nilimwamkia, nikaomba nipime. Haikugeuka.

"Bibi, hii haifai. Inapunguza akili za watoto."

Akanitazama kuanzia viatu. "Nimezaa saba kwa chumvi hii, mmoja ni mwalimu. Wewe unayekuja kutuongezea akili, nani kakwambia zetu zimepungua?"

Wanunuzi wakacheka. Nikasema kila mtoto anastahili kuzaliwa na akili kamili.

"Kamili ndiyo ipi, mjukuu wangu?"

Nilitakiwa nimzuie kuuza. Nikafunga mkoba, nikaondoka.

Njia nzima sikutulia. Badala ya kurudi ofisini nilikwenda Ihumwa kwa mama, nikaingia jikoni, nikapima chumvi yake kabla hata ya kukaa. Zambarau. Dada yangu mkubwa alikuwa pembeni anachambua mlenda. Amepita miaka arobaini na hajui kusoma. Shule walimkaririsha darasa la pili mara tatu, kisha wakamrudisha nyumbani.

"Mama, zamani mlipikia chumvi gani?"

"Ya mbugani. Kwani kulikuwa na nyingine?" Halafu akaacha kusonga ugali. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibu?"

"Hapana, mama. Hakuna anayeweza kujua." Ilikuwa kweli, lakini nilisema harakaharaka, kama mtu anayeficha kitu.

Dada akainua uso. "Nani kaharibika?"

Mama akashika tena mwiko. Dada akatungoja kidogo, akarudi kwenye mboga zake.

Wiki iliyofuata nilirudi Mlali na pakiti za chumvi yenye madini joto. Bibi alichukua moja, ya mkwewe mwenye mimba. "Siyo kwamba nimekubali," akasema.

Kazi bado naifanya, na ningeifanya tena. Ila neno akili nimeliacha. Nasema afya ya mama na mtoto, watu wanasikiliza. Nyumbani hakuna neno lililosaidia. Mama akiniona naingia na mkoba wa kazi, huchukua ndoo akaenda bombani, hata kama mapipa yamejaa.